Laptopu ya bei poa, nyepesi na inayokaa na chaji: acha kuuliza "masaa mangapi"

Ukiingia duka lolote la laptopu za used Kariakoo, au ukishuka Luthuli kule Nairobi, ukauliza hii mashine inakaa na chaji masaa mangapi, jibu linakuja hata hujafunga mdomo: "Sita mpaka saba, boss." Ukionyesha ya pili, sita mpaka saba. Ukionyesha ile ya gemu yenye feni mbili na chaja inayojaza nusu ya begi, nayo sita mpaka saba, alafu winga aliyekuleta anatikisa kichwa kukubali. Sio lazima wawe wanakudanganya. Hawajui tu, na hakuna anayeweza kujua kwa kuiangalia, sababu hayo masaa yanatokana na vitu viwili vikikutana: betri imebakiwa na umeme kiasi gani, na mashine ikiwa mikononi mwako inakula kiasi gani kwa saa. Vyote viwili unaweza kuvipata mwenyewe hapohapo kaunta kabla hujatoa hela, na ukishavipata kazi iliyobaki ni kugawanya, hesabu ya darasa la nne.

Tuanze na betri. Kila betri ya laptopu imeandikwa mahali fulani namba yenye Wh mbele yake, yaani wati-saa. Hiyo ndo ujazo wake. Achana na habari za "seli tatu" na "seli sita", na achana kabisa na mAh kwenye laptopu, maana mAh bila volti haikwambii kitu: betri ya mAh 4,000 kwenye volti 11.4 ni wati-saa 45.6, na betri nyingine ya mAh 4,000 hizohizo kwenye volti 7.6 ni wati-saa 30.4 tu, muuzaji anasoma "elfu nne" zote mbili na wewe unaona zinalingana kumbe moja ni theluthi mbili ya mwenzake. Laptopu nyingi nyepesi za inchi 13 na 14 zilitoka kiwandani na wati-saa 45 hadi 60. Chini ya 40 ni betri ndogo hata ikiwa mpya.

Upande wa pili ni ulaji, unapimwa kwa wati. Hapa ni sawa tu na tenki la bodaboda, lita ngapi na kilomita ngapi kwa lita, hakuna uchawi. Laptopu ya kawaida ya ofisi, kioo mwanga wa kati, unaandika na una tabu chache za brauza, inakula kama wati 6 hadi 9. Ukiingia kwenye mkutano wa Zoom kamera ikiwa imewashwa inapanda 12, 15, hata zaidi. Ya gemu yenye kadi yake ya picha inaweza kula 20 ikiwa imekaa tu haifanyi cha maana.

Sasa chukua betri ya wati-saa 50 ikiwa mpya, igawanye kwa 8. Unapata masaa sita na robo. Kumbe ile "sita mpaka saba" ina asili yake, ni kweli kabisa kwa mashine mpya ya ofisi inayotumika kwa upole. Shida ni kwamba mashine iliyo mbele yako si mpya, imefanya kazi ofisi ya watu Uingereza au Marekani miaka minne mitano, kila siku imechomekwa kwenye soketi, imepita Dubai, imekaa kwenye kontena, na betri ya lithiamu inachokishwa na vitu viwili hivyo hivyo, joto na kukaa imejaa asilimia mia muda wote. Wati-saa 50 zilizoandikwa pale chini zinaweza kuwa zimebaki 30. Gawa kwa 8, masaa matatu na dakika arobaini na tano. Kwa Zoom ni masaa mawili umekwisha.

Hata mashine mpya dukani, ile "hadi masaa 15" kwenye boksi usiibebe kama ilivyo. Mara nyingi kipimo kikubwa kinachoandikwa ni cha kucheza vidio moja iliyomo ndani ya mashine yenyewe, mwanga wa kioo umeshushwa, hakuna tabu ishirini wala WhatsApp imefunguliwa pembeni. Vidio ya namna hiyo ni kazi nyepesi sana kwa prosesa (ubongo wa mashine) za siku hizi sababu zina sehemu maalumu ya kufungulia vidio. Mimi nikiona namba ya boksi huwa nachukua kama nusu na kidogo, na sijawahi kulalamika.

Kuichungulia betri hapo hapo dukani

Hiki ndo kitu kimoja ambacho kama utasahau mengine yote usikisahau. Mwambie muuzaji awashe mashine. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, gonga Enter, litatokea dirisha jeusi. Andika powercfg /batteryreport (kuna nafasi kabla ya huo mkwaju) alafu Enter. Itakuambia ripoti imehifadhiwa wapi, kwa kawaida kwenye folda ya mtumiaji, jina lake battery-report.html, unaifungua na brauza yoyote na haihitaji intaneti. Shuka mpaka palipoandikwa Installed batteries. Utaona mistari kadhaa lakini ya kwako ni mitatu. DESIGN CAPACITY ni betri ilivyozaliwa. FULL CHARGE CAPACITY ni inavyoweza kushika leo. CYCLE COUNT ni mizunguko ya kuchaji iliyokwisha kupita, ingawa baadhi ya mashine hazionyeshi, zinaweka kistari tu.

Namba zimeandikwa kwa mWh kwa hiyo toa sifuri tatu. Tuseme ya kwanza inasoma 50,040 na ya pili 31,250. Hiyo betri imebaki asilimia 62, una wati-saa 31, na sasa unajua cha kugawanya. Kwangu mimi asilimia 80 kwenda juu ni betri nzuri kwa mashine ya used, kati ya 60 na 80 nunua lakini bei ishuke, chini ya hapo ihesabu kwamba haipo, yaani unanunua laptopu isiyo na betri na bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya mashine. Na usione aibu kumgeuzia muuzaji kioo aone mwenyewe, wengi wakiona namba lugha inabadilika palepale.

Kuna mtego hapa. Ukikuta mashine ya 2018 ambayo FULL CHARGE inalingana na DESIGN mpaka tarakimu ya mwisho na mizunguko ni 0, basi yaelekea betri imebadilishwa. Inaweza kuwa imebadilishwa kwa betri nzuri, ni bahati yako, ila betri nyingi za bei ya chini zina chipu inayosema chochote ilichopangiwa kusema, ripoti inasoma 50 seli zenyewe zinashika 25. Ripoti haiwezi kukuokoa hapo, muda ndo utakuokoa. Chomoa chaja, weka mwanga wa kioo juu kabisa, cheza vidio dakika ishirini au thelathini huku mnapiga stori na kuangalia mashine nyingine. Betri ya kweli inashuka taratibu kwa hatua zinazofanana. Ya uongo inakaa 92, 91, 90, alafu unageuka kidogo iko 61, au inazima kabisa wakati inasema ina 30. Ukimaliza rudia ile amri, fungua ripoti mpya, kuna sehemu ya Battery usage inayoandika mashine imetumia mWh ngapi kwa dakika ngapi. Kama ni 5,000 kwa nusu saa basi inakula wati 10 na mwanga uko juu, na hapo umeshapata namba zote mbili za hesabu yako bila kumuuliza mtu.

Kabla hujafika huko kote lakini iweke juu ya meza iliyonyooka. Ikicheza miguu, au kitu cha kugusia mshale kimeinuka au hakibonyezeki, au kuna mwanya ubavuni ambao upande wa pili haupo, betri imevimba. Hiyo achana nayo, si suala la bei tena, betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Kwa MacBook hamna cmd. Shikilia kitufe cha Option, bonyeza ile alama ya tufaa juu kushoto, fungua System Information, nenda Power, utaona Cycle Count na Condition. MacBook Air za miaka hii Apple wamezipangia mizunguko 1,000, kwa hiyo ya 300 bado ni kijana na ya 900 ianze kukutia wasiwasi.

Herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa

Watu wanauliza "ni i5 au i7" na kuishia hapo. Kwa mtu anayetafuta chaji, i5 au i7 ndo swali la mwisho kabisa. La kwanza ni herufi. Chukua i5-8250U. Ile 8 ni kizazi cha nane, na ile U mwishoni maana yake prosesa imepangiwa wati 15. Ingekuwa H au HQ ingekuwa wati 45, hiyo ni ya gemu na kazi nzito, hata ukiwa unaandika barua mashine nzima imejengwa kwa ulafi, feni kubwa, chaja kubwa, kilo mbili na zaidi. Ingekuwa Y ni wati 4 au 5, mashine nyembamba sana, nyingine hazina hata feni, chaji nzuri lakini ukiifungulia mambo mengi inapumua kwa shida. Kuanzia kizazi cha kumi na mbili kukaja na P, wati 28, iko katikati na wengi walioinunua wakitegemea chaji ya U hawakuipata. Kwa shida yetu sisi tafuta U. Kizazi cha kumi na kumi na moja kuna zilizoishia na G na namba, mfano i5-1135G7, hizo nazo ni za familia hiyo hiyo ya matumizi madogo, zichukue bila hofu.

Alafu kizazi, na hapa kuna mstari mmoja mzito sana ambao uko kati ya 7 na 8. Mpaka kizazi cha saba i5 ya U ilikuwa na kiini (core, sehemu inayofanya kazi) mbili tu, i5-7200U kwa mfano. Kizazi cha nane kilipotoka 2017 Intel wakaweka nne ndani ya wati 15 zilezile. Kazi inaisha haraka, prosesa inarudi kulala, chaji inabaki. Na juu ya hapo kuna suala la Windows. Windows 10 ilikatiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane, cha saba karibu zote zimeachwa nje. Ndo maana sokoni utaona laptopu za kizazi cha sita na cha saba zinauzwa kwa bei inayovutia sana, ofisi za nje zinazitoa kwa mafungu na zote zinakuja kwetu. Ndiyo, fundi anaweza kukuwekea Windows 11 kwa njia ya panya na itawaka, lakini toleo jipya kubwa likitoka unaanza tena kumtafuta fundi. Kama unajua kutumia Linux (mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows) hizo za kizazi cha saba ni za kwako, bei haina mpinzani. Kama hujui, ongeza laki moja (shilingi za Tanzania, na bei zote za huku chini ni hivyo) upate cha nane.

AMD, washindani wa Intel, nao wana U yao na nyingi ni nzuri, Ryzen 5 4500U au 5500U ikikutokea kwa bei ya i5 ya kizazi cha nane usiiache. Ila kuwa makini na majina mapya: Ryzen 5 7520U ukisikia 7 mbele utadhani ni kizazi cha juu, kumbe ndani ni muundo wa Zen 2, uleule uliotoka 2019. Kwa chaji haina ubaya, ni bei ya "7" ndo usiilipe.

Kioo wengi wanakisahau wakati kwenye kazi nyepesi ndo mlaji mkubwa kuliko wote. Full HD, yaani 1920 kwa 1080, inatosha kabisa kwenye inchi 14, ile 4K inakula umeme kwa kitu ambacho jicho lako halioni tofauti kutoka pale ulipokaa. Kushusha mwanga kutoka juu kabisa mpaka katikati unaweza kuokoa kama wati 2, na kwenye mashine inayokula 8 hiyo ni robo nzima, kama masaa mawili ya ziada kwenye zile wati-saa 50. Sema sasa kama we ni mtu wa kukaa nje, chini ya mwembe, kioo hafifu utalazimika kukipandisha muda wote na hesabu yote inaharibika. Zigeuze pembeni mkiwa dukani: rangi zikigeuka na kuwa nyeupe au nyeusi ovyo hicho ni kioo cha TN, zile za kisasa za IPS hazifanyi hivyo. Ukikuta pia imeandikwa 1366 kwa 768, hata kama mashine ni ya kizazi cha nane, jua ofisi ile ilinunua toleo la bei ya chini kabisa, na bei yako iwe hivyo.

Zipi hasa

Tuseme una laki saba au nane, unataka ya kubeba begini kila siku, kazi ni za ofisi au chuo. Mimi ningeenda moja kwa moja kwenye mashine za ofisi zilizotumika na si laptopu mpya ya bei hiyo, na sababu si ubora wa bodi tu kama watu wanavyosema, sababu ni betri zake zinabadilishika.

ThinkPad T480 ndo mfano wangu wa kwanza kila nikiulizwa. Ya 2018, kizazi cha nane, na ina betri mbili. Moja iko ndani, wati-saa 24. Ya pili iko nyuma, ukiigeuza mashine kuna vifungio viwili, unavisukuma, betri inatoka mkononi huku laptopu inaendelea kuwaka maana ile ya ndani inaibeba. Hiyo ya nyuma ilikuja kwa ukubwa tofauti, 24, 48 na 72. Yenye 24 nyuma jumla yako ni 48, ya kawaida tu. Ukiipata yenye 72 jumla ni 96, gawa kwa 8, masaa kumi na mbili ya kazi, na hata betri zikiwa zimechoka robo bado una tisa. Inatokeza chini kama kisigino na mashine inakaribia kilo mbili, kwa hiyo umebadilisha wepesi kwa masaa, hilo uliamue mwenyewe. Kwenye ripoti yake utaona safu mbili, betri ya 1 na ya 2, soma zote, maana ya nyuma ni rahisi kubadilishana kwa hiyo hukosi kukuta duka limechukua nzima likaweka mbovu kwenye mashine ya kuuza. Kitu kingine cha T480: inachajiwa kwa USB-C pekee na ina matundu mawili ya USB-C, chomeka chaja kwenye lote moja baada ya jingine. Kuna tatizo linalojulikana la programu ya ndani ya tundu mojawapo, lile la Thunderbolt (USB-C ya kasi zaidi), lililofanya nyingine zigome kuchaji, Lenovo walitoa marekebisho lakini si kila ofisi iliyaweka. Na usiichanganye na T480s, hiyo ni nyembamba na nyepesi, betri moja tu ya ndani, wati-saa 57.

Kama uzito ndo unakuuma, unapanda daladala na kusimama, basi Dell Latitude 7290 ya inchi 12.5 au HP EliteBook 830 G5 ya inchi 13, hizo ziko kilo 1.2 hadi 1.4. Latitude za 7290, 7390 na 7490 zilitoka na betri ya 42 au ya 60, kwa nje hakuna tofauti, ripoti ndo itakuonyesha, na mimi ya 42 nisingeinunua labda bei iwe ya kuchekesha. EliteBook 840 G5 ya inchi 14 ina 50 na kufungua mfuniko wa chini ni skrubu chache, fundi yeyote anabadilisha betri dakika kumi. X1 Carbon Gen 6 ina kilo 1.13 na wati-saa 57, mashine tamu sana, ila RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imechomelewa kwenye mazabodi, ukinunua ya GB 8 ni 8 mpaka iende kaburini. Kwa leo GB 8 ndo chini kabisa, na diski iwe SSD, hilo sidhani kama bado kuna wa kubishana.

Ukiweza kufika milioni na nusu au karibu na hapo habari inabadilika, sababu ya MacBook Air M1. Betri yake ni wati-saa 49.9, ndogo kuliko ya Latitude ile ya 60, lakini Apple wenyewe walitangaza masaa 15 ya kuperuzi intaneti, na hii kwa mara moja ni namba ya boksi ambayo matumizi ya kawaida yanaikaribia. Rudi kwenye kugawanya: ujazo ni uleule, ulaji ndo umeshuka mpaka wati 3 au 4. Hii inaonyesha kwa nini kuuliza ukubwa wa betri peke yake hakutoshi. Kilo 1.29, haina feni, kwa hiyo hata vumbi letu halina pa kuingilia sana. Ila RAM na diski vyote havibadiliki, na kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu au ya uchoraji inayotaka Windows usijidanganye kwamba itakubali moja kwa moja. Hilo hilo ni kwa laptopu za Windows zenye Snapdragon X zilizoanza kuuzwa 2024, chaji ni ya kushangaza, lakini hakikisha printa ya ofisini na programu zako za zamani zinazikubali.

Sasa zile mpya za laki sita, saba, zenye stika ya Celeron. Kwenye karatasi zinaonekana zimetengenezwa kwa ajili ya chaji, Celeron N4020 imepangiwa wati 6 tu. Lakini kioo kinakula vilevile kama cha mwenzake, betri ni ya 30 na kitu au 40, na kwa kuwa prosesa ni dhaifu ukurasa ambao i5 inaufungua sekunde mbili ikalala yenyewe inahangaika nao sekunde nane ikiwa imekaza misuli yote. Umeme haukuokolewa, umecheleweshwa tu. Ongeza RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64 ambayo Windows ikijisasisha mara mbili imejaa, na warranty ya mwaka mmoja haikusaidii kitu maana mashine haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Chromebook zinazotoka shule za Marekani ndo zinauzwa bei ya chini kuliko zote na chaji zake kweli zinakaa. Mbili za kuangalia. Kila modeli ina tarehe ambayo Google wanaacha kuipa masasisho, iangalie kwenye mipangilio kabla ya kulipa. Na ikiwa inawaka na kuleta jina la shule na kudai akaunti ya shule, bado imesajiliwa kwao, hata ukiifuta inarudi hapohapo. Ugonjwa huu upo pia kwenye MacBook zilizofungwa na akaunti ya mwenye nayo au kampuni, na kwenye laptopu za ofisi zenye nywila ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine). Kwa hiyo iwashe upya mbele ya muuzaji, ingia BIOS, na kwa Mac mwambie aifute na kuianzisha mwanzo mkiwa pamoja, wakati imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Akisema "hiyo haina shida tutafanya baadaye", shika njia.

Uzuri wa mashine zinazochajiwa kwa USB-C ni kwamba pawabenki inaingia kwenye hesabu, na kwa mtaa ambao umeme unakatika saa nne unarudi saa kumi hili si jambo dogo. Pawabenki ya kawaida ya simu haiwezi, inatoa volti 5 wakati laptopu inataka 20, tafuta iliyoandikwa PD (Power Delivery, uwezo wa kupandisha volti) na wati 45 au 65. Ujazo wake geuza mwenyewe: mAh 20,000 zidisha volti 3.7 gawa kwa elfu, ni wati-saa 74, na kwa sababu kuna zinazopotea njiani tegemea kama 60 ziifikie laptopu. Hiyo ni betri nzima ya pili ya Latitude. Ukisafiri kwa ndege mashirika mengi yanaruhusu mpaka wati-saa 100 bila maswali, mAh 27,000 ni 99.9, ndo maana nyingi kubwa zinaishia pale. Waya nao usiwe wowote, wa kawaida wa USB-C unaishia wati 60.

Mwisho kabisa omba karatasi ya warranty uisome hapo dukani, hata kama ni ya wiki mbili. Nyingi za mashine za used zimeandikwa chini kwa herufi ndogo kwamba betri na chaja havihusiki. Mwombe muuzaji aandike kwa mkono kwenye risiti ile FULL CHARGE mliyoisoma pamoja na serial number iliyo chini ya mashine, alafu chukua hiyo hiyo uliyoipima, isirudi nyuma ya kaunta "kupakiwa vizuri".